Maneno ya Mhudumu Aliyenitembelea

SWALI: Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alipotutembelea alitaja "malezi jumuishi" na "uchangamshi wa awali", kisha akaniandikia rufaa. Je, mwanangu wa miezi minne ni mgonjwa? – Mama, Dodoma

JIBU: Rufaa si ugonjwa, dada yetu, ni maelekezo ya kumpeleka mtoto kituoni achunguzwe na mtaalamu, nasi tunakusihi uende mapema. Malezi jumuishi hukusanya afya, lishe, ulinzi na usalama, ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio (kutambua ishara za mtoto na kumjibu), na ndiyo maana mhudumu huuliza hata nani hubaki na mtoto ukiwa sokoni. Uchangamshi wa awali, yaani kumchangamsha mtoto ili ajifunze tangu akiwa mchanga, hauhitaji vifaa vya kununuliwa: mzungumzishe unapomwogesha, na anapotoa sauti, mtazame usoni, umwitikie, kisha usubiri ajibu.