Kabla Hujapanga Nyimbo za Kufungia za Weird Al, Soma Hapa Kwanza

Ukitaka kuwaona mashabiki wa "Weird Al" Yankovic wakinuniana, usiwaulize wimbo wake upi ni bora. Hilo kila mtu ana jibu lake, na atakuachia na lako. Waulize albamu ipi imefungwa vizuri kuliko zote. Hapo mtakesha.

Nimepanga orodha hii na wenzangu zaidi ya mara moja, na bado hatujaafikiana. Ila nimejifunza nini kinafanya ubishi uwe mtamu na nini kinaufanya uwe kelele tupu, kwa hiyo kama na ninyi mnataka kuijaribu, nina ya kuwaambia.

Kwa anayemjua kwa mbali tu: Yankovic ni Mmarekani, mpiga kodiani, aliyepata jina kwa kuchukua nyimbo zinazotamba na kuzivisha maneno yake. Beat It ya Michael Jackson kwake iligeuka Eat It, wimbo wa kumgombeza mtu anayechagua chakula. Tangu 1983 hadi 2014 alitoa albamu 14 za studio. Sasa chukua hizo zote na usikilize wimbo wa mwisho wa kila moja. Hakuna hata mmoja ambao ni wa kugeuzwa kutoka kwa msanii mwingine kwa namna hiyo ya Eat It. Mbili zinafungwa kwa polka, ule muziki wa densi wa haraka kutoka Ulaya ya Kati: Dare to Be Stupid ya 1985 kwa mchanganyiko wa vibao vya watu, na Alapalooza ya 1993 kwa Bohemian Rhapsody ya bendi ya Queen iliyopigwa yote kwa mwendo wa polka. Zile 12 nyingine zinafungwa na nyimbo alizozitunga mwenyewe, ingawa mara nyingi kwa kuiga mtindo wa mwanamuziki fulani.

Kwangu mimi jambo hilo ndilo linaloifanya orodha iwe na maana. Nyimbo zilizomtajirisha huziweka mbele. Mwishoni, pale ambapo msikilizaji wa juujuu ameshaondoka, ndipo hujipa ruhusa ya kufanya analotaka. Kwa hiyo mnaposhindanisha nyimbo za kufungia, mnamshindanisha mtunzi Yankovic na nafsi yake, na aliyekuja akizijua parodia peke yake, yaani zile nyimbo za kugeuza kama Eat It, atapotea njiani.

Jambo la kwanza: kubalianeni mapema nini kinahesabiwa. Msipofanya hivyo, mtafika katikati mtu aibuke na Bite Me. Albamu ya Off the Deep End ya 1992 inaisha kwa You Don't Love Me Anymore, kisha unakuja ukimya wa dakika kama kumi, halafu ghafla zinalipuka sekunde chache za makelele na mayowe. Hiyo ndiyo Bite Me. Alikuwa akiwatania bendi ya roki ya Nirvana, ambao nao walificha wimbo baada ya ukimya kama huo kwenye albamu yao ya Nevermind. Ni mzaha mzuri, hasa kwa aliyesahau kuzima CD na kwenda zake kulala. Lakini je, huo ndio wimbo wa kufungia? Sisi tulisema hapana: mzaha unahesabiwa kama pambo la albamu, nafasi inabaki kwa wimbo wenyewe. Ninyi mnaweza kuamua vingine, alimradi muamue kabla hamjaanza.

Vivyo hivyo kwa The Night Santa Went Crazy, unaofunga Bad Hair Day ya 1996. Kuna toleo lake jingine lenye damu zaidi, ambalo Santa anauawa. Kwenye albamu hafi, anafungwa gerezani na anaweza kutoka kwa tabia njema baada ya miaka 700. Mashabiki wengi wanapenda lile la damu, na wanalipigia kura bila kusema. Lakini hilo halimo kwenye albamu. Pangeni kilichomo.

Na kila mara atatokea mtu wa kuitaja Trapped in the Drive-Thru. Mwambieni kwa upole kwamba ule ni wimbo wa kabla ya mwisho.

Hapo napata nafasi ya kusema ushauri ninaouamini kuliko wote: usiusikilize wimbo wa kufungia peke yake. Anza angalau na ule ulioutangulia, na ukiweza, sikiliza upande mzima. Wimbo wa mwisho ni kama mgeni anayeaga, huwezi kumpima bila kujua mazungumzo yaliyopita. Chukua Straight Outta Lynwood ya 2006. Trapped in the Drive-Thru, wa 11, unaendelea kwa karibu dakika 11 ukisimulia mume na mke wanaokwenda kununua chakula cha jioni, na hakuna chochote cha maana kinachotokea. Ndiyo kichekesho chenyewe. Mara tu unapomalizika, unaingia Don't Download This Song, wa kwaya kubwa na huzuni ya kujifanya, kwa mtindo wa zile nyimbo za wasanii wengi wanaokusanyika kuchangia misaada, ukimwonya kijana kwamba akipakua muziki ataishia kwenye uhalifu na dawa za kulevya. Ukiusikiliza peke yake, ni mzaha safi, na ulikuwa na utamu wa ziada kwa sababu kabla albamu haijatoka wimbo huohuo uliachiwa watu waupakue bure. Ukiusikiliza baada ya zile dakika 11, unaonekana kama kiambatisho. Albamu ilishaisha. Mwenzangu mmoja anadai ni kinyume, kwamba baada ya hadithi ndefu isiyo na kilele masikio yanadai kwaya. Sikubaliani naye, lakini huo ndio ubishi ninaoutaka, kwa sababu unahusu kazi ya wimbo pale ulipowekwa.

Urefu nao ni mtego. Nyimbo zake ndefu zinazofunga zinajulikana: Albuquerque, zaidi ya dakika 11, Genius in France, karibu 9, Jackson Park Express, 9 na kidogo. Wageni huzipandisha juu zote kwa sababu ndefu huonekana kubwa. Lakini urefu wa kila mmoja unafanya kazi tofauti, na hapa inafaa kutulia kidogo.

Albuquerque, kwenye Running with Scissors ya 1999, ni hadithi ya mtu aliyelishwa kabichi iliyochachushwa utoto wake wote, akashinda tiketi ya ndege kwenye shindano la redio, ndege ikaanguka, akapona yeye peke yake kwa kuwa alikuwa amefunga meza yake na kunyoosha kiti kama wahudumu wanavyosema. Na hapo hata hatujafika Albuquerque, mji anaokwenda. Kuna sehemu anaingia duka la donati na kuuliza aina moja baada ya nyingine, na muuzaji anajibu kila mara kwamba zimeisha. Mwishowe anauliza basi kuna nini, anaambiwa kuna boksi moja la vicheche kumi na wawili wenye njaa na wazimu. Anasema sawa, nitachukua hao. Jukwaani Yankovic huirefusha orodha hiyo ya donati mpaka ukumbi unapiga kelele. Mwenyewe amewahi kueleza kwamba aliutunga akikusudia kuwakera watu kwa muda mrefu, wala hakutarajia ungependwa. Urefu wake ndio silaha yake. Ukiukata nusu hakuna kinachobaki.

Jackson Park Express ni habari nyingine. Mtu yuko ndani ya basi huko Chicago, anamtazama mwanamke aliyekaa upande wa pili, na kutokana na kila kikohozi na kila mtazamo wa mwanamke huyo anajijengea kichwani mahaba mazima, yakiwemo mambo ya kutisha. Hawasemezani hata neno. Mwanamke anashuka, na hadithi inaishia hapo. Mtindo ni wa mwimbaji Cat Stevens, gitaa laini na nyuzi za fidla, na upole huo wa muziki ndio unaofanya maneno yakuchome. Urefu hapa ni wa safari ya basi: unamwona mtu akizidi kuzama na huwezi kumtoa.

Kuna kitu kingine kinauongezea uzito. Ndio wimbo wa mwisho kwenye Mandatory Fun ya 2014, albamu iliyoingia ikiwa namba moja kwenye chati ya Billboard ya Marekani, na ambayo Yankovic alisema huenda ikawa ya mwisho kwa mtindo wa kawaida wa albamu. Wapo wanaoupandisha kwa ajili ya kuaga huko. Mimi nawaomba waache. Yeye ndiye aliyeufanya kuwa wa kuaga, lakini ndani ya wimbo hakuna kwaheri yoyote, kuna jamaa wa ajabu kwenye basi.

Genius in France, kwenye Poodle Hat ya 2003, unamwiga Frank Zappa, mwanamuziki wa roki aliyependa kuvuruga kanuni, na mwanawe Dweezil ndiye anayepiga gitaa la mwanzo. Kila baada ya sekunde kadhaa mwendo unabadilika. Kama hujawahi kumsikia Zappa, kwako itakuwa fujo. Kama umemsikia, utataka kusimama na kupiga makofi. Na huu ndio unaonifanya niwaonye kuhusu kura za wastani. Watu wengine watauweka wa kwanza, wengine wa 14. Nusu kwa nusu, wastani wake ni 7.5, na utapitwa na wimbo ambao kila mtu ameuweka wa sita bila hisia yoyote. Orodha ya wastani hupandisha nyimbo zisizomuudhi mtu. Kwa Yankovic hilo ni kama tusi. Afadhali kila mmoja aandike yake, kisha mziweke pamoja na kubishania zile nafasi zilizoachana sana. Hapo ndipo penye mazungumzo.

Jueni pia kila wimbo ulizaliwa wakati gani. Christmas at Ground Zero unafunga Polka Party! ya 1986. Ni wimbo mchangamfu wa Krismasi, kengele na kila kitu, kuhusu makombora ya nyuklia kudondoka sikukuu hiyo. Kampuni yake ya rekodi ilikuwa imemng'ang'ania atoe kitu cha Krismasi, naye akawapa hicho. Ilikuwa enzi ya Reagan na vita baridi, hofu hiyo watu walikuwa wanalala nayo. Ground Zero wakati huo ilikuwa na maana ya pale bomu linapolipukia. Msikilizaji wa leo akilisikia jina anafikiria mashambulizi ya New York ya 2001, anakunja uso, anaushusha. Ukiurudisha kwenye mwaka wake unapanda nafasi kadhaa mara moja.

Halafu kuna kipimo cha kuchakaa. Mzaha unaokuvunja mbavu mara ya kwanza unaweza usikupe hata tabasamu baadaye. Stop Forwarding That Crap to Me, unaofunga Alpocalypse ya 2011, una kinanda cha kishindo kwa mtindo wa mtunzi Jim Steinman na malalamiko kuhusu barua pepe za kusambazwa. Mara ya kwanza nilicheka sana. Sasa nausikiliza kwa ajili ya kinanda. Good Old Days, wa Even Worse ya 1988, umefanya kinyume kwangu: mtindo mpole wa mwimbaji James Taylor, mtu mzima akikumbuka ujana wake kwa upendo, na kumbe anayoyakumbuka ni ukatili mtupu. Kila nikirudi kwake naogopa zaidi.

Wa kwanza kwangu ni The Biggest Ball of Twine in Minnesota, unaofunga albamu ya UHF ya 1989. Baba ana likizo ya wiki mbili baada ya kufanya kazi mwaka mzima, anawauliza watoto waende wapi, nao wanachagua kwenda kuliona donge kubwa la kamba. Donge lenyewe lipo kweli, Darwin, Minnesota. Francis A. Johnson alianza kulisokota peke yake 1950 na akaendelea kwa miaka 29, hadi likafika karibu kilo 7,900. Wimbo unaweza kuwacheka watu hawa, na kwa dakika chache za mwanzo unadhani ndicho unachofanya. Lakini familia inafika, baba anasimama mbele ya ule mlima wa kamba, na anaguswa kwelikweli. Hakuna anayegeuka kukukonyeza. Mara ngapi mchekeshaji anafunga albamu nzima kwa kumwacha mhusika wake afurahi?

Albuquerque naupa wa pili, Jackson Park Express wa tatu, You Don't Love Me Anymore wa nne. Huu wa nne ni wa mtu anayeanza kuhisi kwamba labda mpenzi wake hampendi tena, baada ya kukatiwa breki za gari, kutiwa samaki piranha kwenye bafu na kusukumwa kwenye shimo la lifti. Chini kabisa naweka Hooked on Polkas, ule mchanganyiko unaofunga Dare to Be Stupid. Siyo mbaya, polka zake hazijawahi kuwa mbaya, lakini ungeweza kuupachika popote kwenye albamu na usione tofauti, na kwa orodha hii hilo ni kosa kubwa kuliko kutochekesha. Juu yake kidogo tu ni Mr. Frump in the Iron Lung, unaofunga albamu yake ya kwanza ya 1983, ambao rafiki zangu wanautaka juu zaidi kwa sababu ya ile mashine ya kupumulia inayojibu kila swali kwa pumzi moja. Wanajua ninavyofikiri. Wataandika kwenye maoni.