Stata Inapogoma Baada ya Volti 6 Kuwa Volti 12

Mwezi huu maswali yamefuatana kama malori yanayopanda Mau Summit, na karibu yote yana chanzo kimoja: gari au trekta ya zamani imetolewa kwenye volti 6 ikapelekwa volti 12. Taa zinawaka vizuri, honi inalia, lakini stata ndiyo imeanza visa. Nimechagua sita. Niseme mapema kwamba stata nyingi ninazoletewa hapa gerejini Nakuru, zikiwa tayari zimehukumiwa, huwa ni nzima. Ubovu uko kwenye njia ya umeme au kwenye chuma kinachoishikilia, na mwenye gari ameshanunua stata nyingine.

*Beetle yangu (Volkswagen) ni ya 1963. Fundi aliweka betri na dainamo za volti 12, stata akaacha ileile ya volti 6. Sasa nikigusa ufunguo inagonga "kang!" na injini inazunguka kama feni. Je, itaungua? (Msomaji, Section 58, Nakuru)*

Haitaungua kesho, mzee, na usikimbilie kuitoa. Stata ya volti 6 huweza kuvumilia volti 12 kwa miaka ukiitumia kwa adabu: sekunde mbili tatu, injini ikishika unaachilia ufunguo. Kinachoiua ni kuipiga mfululizo nusu dakika kwa sababu petroli haifiki kwenye kabureta. Joto hupanda haraka mno, risasi iliyounganisha nyaya zake za ndani huyeyuka na kurushwa pembeni. Ukiifungua unakuta matone yametapakaa ukutani kama shanga zilizokatika uzi. Ikifika hapo, ndiyo basi.

Kinachoanza kuumia ni meno. Ile "kang!" unayosikia ni kipinioni (gia ndogo) cha stata kikiyarukia meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kwa nguvu ambayo hayakutengenezewa. Tena injini ya silinda nne ikizimwa haisimami popote tu. Husimama karibu kila mara katika sehemu mbili zilezile, kwa hiyo meno yanayopigwa ni yaleyale. Siku ukisikia stata inalia "wiii" bila kushika, toa ufunguo, tia gia ya nne, sukuma gari mbele kiasi cha shubiri moja, rudisha fri, kisha jaribu tena. Ikishika mara moja, stata haina kosa. Meno ndiyo yameliwa, na injini itabidi ishuke.

Akikushauri mtu ununue stata ya volti 12 uifunge hivihivi, mwambie ahesabu meno kwanza. Flaiwili ya Beetle ya volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina 130 na ni pana zaidi. Hizo mbili hazichanganywi. Ninachokushauri ubadilishe ni solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyo juu ya stata. Koili yake ikipewa volti maradufu hupata joto mara nne, na solenoidi iliyochoka kwa joto hunata.

Na tusiidharau volti 6. Volkswagen iliyoshinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1962, kwenye tope letu hili la Afrika Mashariki, ilikuwa ya volti 6. Umeme ule hauna makosa yoyote ukitunzwa. Watu huuacha kwa sababu betri na balbu zake zimekuwa adimu.

*Asubuhi Beetle yangu inawaka vizuri. Nikitoka Kisumu hadi Ahero na kurudi, injini ikiwa moto, nikiwasha inasema "tik" moja na kunyamaza. Nikingoja nusu saa inawaka. Nimeshabadilisha stata mara mbili. (Msomaji, Kisumu)*

Dada, pole kwa gharama. Usinunue ya tatu. Swali lako ndilo zito kuliko yote, nami nitakaa nalo.

Azima mita, iweke kwenye volti 20 za DC. Gari liwe fri, breki ya mkono imevutwa, na uchomoe waya wa koili ya plagi wa namba 15 (namba hizi zimeandikwa penye vifungo vya nyaya) ili injini isiwake. Ncha moja ya mita iguse risasi yenyewe ya kichwa chanya cha betri (si ile klampu), ya pili iguse bolti nene ya stata, namba 30. Mtu apige stata sekunde chache. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani kwenye waya mnene au vifungo vyake. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa pili: kichwa hasi cha betri na mwili wa stata.

Upande huu wa pili ndio huwa na siri. Injini na gia boksi ya Beetle zimekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Kinachoziunganisha na bodi ni ukanda mmoja wa nyaya zilizosukwa, umefungwa mbele ya gia boksi, mahali ambapo tope hukaa. Miaka sitini baadaye ukanda huo ni kijani kwa ndani na umebakiza nyuzi chache. Umeme wa stata ukikosa njia hutafuta nyingine, hata kupitia kebo ya mafuta au ya klachi. Nimewahi kushika kebo ya mafuta iliyopata moto kwa sababu hiyo, na mwenye gari alikuwa amelalamika tu kwamba pedali imekuwa ngumu.

Jaribio la haraka: chukua jampa (waya mnene wa kuazimia umeme), unganisha kichwa hasi cha betri na chuma kisafi cha gia boksi. Ikiwaka wakati bado iko moto, umepata mwizi. Nunua ukanda mpya, piga msasa sehemu zote mbili hadi chuma king'ae, kisha ufunge.

Ikiwa erthi, yaani njia hiyo ya hasi, ni nzima, angalia waya mwembamba wa namba 50 kwenye solenoidi. Waya huo unatoka nyuma hadi swichi ya ufunguo mbele na kurudi, ukipitia viunganisho vya zamani. Stata ikiwa moto, koili ya solenoidi huhitaji msukumo zaidi, na ukipima pale wakati wa kupiga stata unaweza kukuta volti 8 tu. Dawa ni rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) karibu na stata: waya wa zamani uamshe rilei tu, na umeme wa solenoidi utoke namba 30 kupitia fyuzi. Ni kazi ya saa moja.

*Sisi tulibadilisha kila kitu: flaiwili, klachi na stata za volti 12, na gia boksi ikasagwa ndani ili flaiwili kubwa ienee. Lakini asubuhi stata inajikokota kama mgonjwa. Betri ni mpya. (Msomaji, Molo)*

Baridi ya Molo ina sehemu yake, maana oili huwa nzito na betri hupungua nguvu. Lakini nauliza: bushi, yaani pete inayoshikilia mkia wa ekseli, mlibadilisha? Kwenye Beetle mkia wa ekseli ya stata hauishii ndani ya stata. Unaingia kwenye bushi iliyo ndani ya gia boksi. Ekseli ya stata ya volti 6 ina milimita 12.5, ya volti 12 ina 10.9. Mkiacha bushi ya zamani, ekseli inacheza kama mchi kwenye kinu, rota (sehemu inayozunguka) inasugua kuta za stata, nayo inakula umeme wote bila kuzunguka. Toa stata, ingiza kidole pale ndani, utahisi. Bushi mpya ni ya bei ndogo. Iloweke kwenye oili usiku kucha kabla ya kuipiga mahali pake.

*Tuna Ferguson ya kijivu ya babu, volti 6, chanya ndiyo iliyofungwa bodini. Tunataka kuweka betri ya volti 12 na oltaneta, hasi iende bodini. Je, stata haitazunguka kinyumenyume? (Msomaji, Kitale)*

Haitazunguka kinyume. Stata hizo hazina sumaku ya kudumu. Zina koili nje na koili kwenye rota. Ukigeuza betri, zote mbili zinageuka pamoja, na mzunguko unabaki uleule. Geuza nyaya za koili ya plagi na za amita. Oltaneta msiiunganishe hadi mhakikishe betri imekaa sawa, kwa sababu ikipata umeme wa kinyume hufa papo hapo. Pia mkisogeza gia hadi kwenye S na stata isijibu, tazameni kwanza swichi iliyo chini ya ile gia kabla ya kulaumu stata.

*Stata yangu inazungusha vizuri sana lakini injini haishiki. Inashika pale tu ninapoachilia ufunguo. Fundi mmoja anasema ni taiming. (Msomaji, Kakamega)*

Mwalimu, mimi naanza na koili ya plagi. Ukiwekewa koili inayohitaji rezista (kipande cha kupunguza umeme), lazima kuwe na waya wa kuiruka rezista wakati wa kupiga stata. Usipokuwepo, stata inavuta betri chini, rezista inapunguza tena, na cheche inakuwa hafifu. Ukiachilia ufunguo volti zinarudi injini ikiwa bado inazunguka, ndipo inashika. Tafuta koili ya volti 12 isiyohitaji rezista, ambayo ikipimwa ina omu 3 hivi. Na kama bado una koili ya volti 6, itoe leo, maana inakula platini, yaani vile vigusio vinavyokata umeme wa cheche.

*Tangu tuweke betri ya volti 12, watoto wakikaa nyuma nasikia harufu ya kuungua, na wakati mwingine stata inakosa nguvu. (Msomaji, Bungoma)*

Mama, hili usilingoje. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, na kiti kina springi za chuma. Betri mliyoweka huenda ni ndefu kuliko ya zamani. Mtu akikaa, springi zinashuka na kugusa vichwa vyake, umeme unapita kwenye kiti, na vitu vikavu vilivyojaziwa humo vinashika moto. Magari ya aina hii yameteketea hivyo. Chomoa waya hasi wa betri sasa. Tafuta betri fupi, ifunge kwa mkanda wake isiruke, funika vichwa vyote viwili kwa mpira mnene, kisha bonyeza kiti kwa magoti yako na uchungulie kama kuna nafasi. Hadi hapo, watoto wasikae nyuma.