Kijazo kinaongeza ugumu, hakizuii mpasuko

SWALI: Tunatengeneza kreti za plastiki ya polipropilini. Tumechanganya kijazo, yaani unga wa madini wa kalsiamu kaboneti, asilimia 40 kwa uzito ili ziwe imara. Zikibebeshwa mzigo hazipindi, lakini zikianguka zinapasuka pembeni. Muuzaji wa unga anashauri tuongeze kiasi, au tununue unga laini zaidi. Tufuate lipi?

JIBU: Msifuate lolote kwa sasa. Kreti isiyopinda ni ngumu, ila ugumu haukuambii ni nishati kiasi gani itahitajika ili ufa upenye. Kosa hili nakutana nalo kila mara, na linaudhi zaidi linapotoka kwa mtu anayeuza unga kwa kilo.

Chembe ya madini hainyumbuki. Plastiki inayoizunguka ndiyo inayolazimika kunyumbuka peke yake, na nguvu hurundikana ukingoni mwa chembe. Chembe ndogo zilizotawanyika vizuri zikibanduka kutoka kwenye plastiki kwa wakati wake, vitundu hufunguka, plastiki iliyo katikati yake hunyumbuka, na nishati ya ufa humezwa humo. Hapo kijazo kinasaidia kweli. Lakini chembe zikigandamana zikawa bonge la makumi ya mikromita (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), bonge hilo tayari ni ufa unaosubiri pigo.

Ndiyo maana ushauri wa “laini zaidi” ni wa hatari. Kadiri unga unavyokuwa laini ndivyo chembe zinavyong’ang’aniana. Bila kupakwa asidi ya steariki, asidi ya mafuta inayopunguza kung’ang’aniana huko, na kuchanganywa kwa nguvu ya kutosha, mtanunua mabonge kwa bei ya juu. Wapo pia wanaouza viunganishi vya kuzigandisha chembe kwenye plastiki, wakidai mshiko mkali hutibu kila kitu. Mshiko ukizidi, chembe haibanduki, na plastiki inakosa nafasi ya kunyumbuka.

Tazameni sehemu iliyopasuka kwa hadubini, pale ufa ulipoanzia. Mkiona bonge, shughulikieni uchanganyaji kwanza. Msipoliona, punguzeni kijazo na viringisheni kona za ndani.

Na msikubali cheti chochote cha unga chenye jaribio la kuvuta polepole tu. Kreti ikianguka, plastiki haipati muda wa kunyumbuka, na polipropilini ya kawaida hukakamaa zaidi ikikaribia nyuzi 0 za Selsiasi. Daini jaribio la pigo kwenye kipande chenye mkato, kwenye baridi kali kuliko zote ambayo kreti zenu zitakutana nayo.