Biogesi ya ng'ombe wawili, Moshi

Ndugu, umeuliza kama serikali itakujengea mtambo wa biogesi. Usitegemee kulipiwa mtambo wote. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024–2034 upo, ila anzia CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, Arusha: omba fundi, uliza ruzuku kabla hujachimba shimo.

Ng'ombe wawili wa bandani wanatosha mtambo wa mita za ujazo 4 hadi 6. Kila siku ndoo ya samadi mbichi kwa ndoo ya maji, vuruga mpaka mabonge yaishe. Masazo ya majani toa yote. Yanaelea, yanafanya utando mgumu, gesi inakwama. Maji ya sabuni au dawa ya kuogeshea mifugo yanaua bakteria wanaotengeneza gesi, hapo ndipo wengi huharibu. Moto ukirukaruka, bomba lina maji: fungua koki ya chini uyamwage. Tope linalotoka peleka kihambani, shamba lako la nyumbani, liwe mbolea.