Forodhani: ulizia bei kabla mshikaki haujarudi motoni

Juzi dada mmoja kaniandikia kwa uchungu. Yeye na mumewe walivuka kutoka Dar kwenda Zanzibar, usiku wakala Forodhani, ile bustani ya Mji Mkongwe yenye meza za vyakula vya usiku, sahani moja ya pweza na kamba, wakadaiwa shilingi 70,000. Anauliza kama wameibiwa. Dada yangu, hamkuibiwa. Mlikula kwanza, mkauliza baadaye.

Wauzaji wa pale mbele ya jumba la Beit al-Ajaib wana ulimi mtamu. "Chagua tu yakhe, bei tutaelewana." Hapo ndipo pesa yako inapoondoka. Mimi mtoto wa Tanga, pweza nimeanza kumla sijaota meno yote, na bado muuzaji mmoja alinitazama juu mpaka chini akanitajia bei kwa dola. Kwa dola! Mpaka leo linaniuma. Nilipomjibu kwa Kiswahili cha kwetu akacheka, bei ikashuka nusu. Sikununua. Nilihamia meza ya jirani, na nikahakikisha ananiona nikitafuna.

Kwa hiyo uliza bei ya kila kijiti, halafu uliza jumla, kabla hakijarudi motoni. Nasema kirudi, maana vingi vya mezani vimeshachomwa mapema, vinapashwa tu ukishachagua. Mkono wa pweza ukiwa mkavu na mweusi kwenye ncha, mwache.

Mimi napenda kinachopikwa nikiona. Pizza ya Zanzibar, kwa mfano: kijana anatandaza donge la unga mpaka linaangaza, anamwaga nyama ya kusaga, kitunguu, hoho, anapasua yai juu yake, anakunja pembe nne, chuma kinalia chwaa. Juisi ya miwa nayo inakamuliwa hapo hapo. Omba ndimu na tangawizi. Urojo, ile supu nzito ya Kizanzibari, nenda walikosimama wenyeji na mabakuli yao, usiende kwenye taa kali.

Na sisi wa Bara na Mrima tuache kuona haya. Mtu anabishana na konda kwa shilingi 100, lakini mbele ya mkewe Forodhani anajifanya tajiri, hataki aonekane anauliza bei. Kuuliza bei si ushamba. Mzanzibari mwenyewe anauliza, tena kwa sauti, na muuzaji hakasiriki.

Ukienda, fika magharibi ikishaadhiniwa, na uwe na noti ndogo ndogo. Chenji pale hutafutwa muda mrefu sana.