Fildi ya akiolojia: angalia haya kabla hujalipa ada

Mkuu uliyeuliza kama kuna haja ya kwenda mafunzo ya uchimbaji wakati darasani unafaulu vizuri: nenda. Ila usichague kozi kwa picha za watu walioshika mafuvu. Mimi yangu nilifanyia Kilwa, na kilichonijenga zaidi si shimo, ni ukuta.

Shimo lina taratibu zake. Mnapima mraba kwa kamba, mnakwangua kwa mwiko wa uashi, na udongo ukibadilika rangi mnasimama: picha, mchoro, vipimo, fomu. Waliokuja na akili za sinema huchoka mapema. Lakini tabaka ukishaliondoa halirudi tena, kinachobaki ni kile ulichoandika. Kwenye chekeche, kinamama wa kijijini walituacha mbali. Shanga ya kioo ndogo kama punje ya mtama wanaidaka, sisi tunakaribia kuimwaga pamoja na kokoto.

Sasa ukuta. Majengo ya kale ya Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa yakiwemo, ni mawe ya matumbawe na chokaa. Kijana wa leo akiona ufa anawaza mfuko wa saruji. Fundi mzee aliyetufundisha alitupeleka mahali palipozibwa kwa saruji zamani: kiraka kizima, jiwe la pembeni linamomonyoka ukiligusa kwa kidole. Saruji ni ngumu na haipumui, kwa hiyo unyevu na chumvi vinatafuta njia kupitia kwenye jiwe. Chokaa ni laini, yenyewe ndiyo inayokufa kwanza, na kuipaka upya ni kazi ya kawaida. Ukishaipaka unailinda na jua na kuinyunyizia maji, maana inakomaa polepole kwa kuvuta hewa. Ukiiharakisha inapasuka. Haya nilikuwa nimeyasoma, na sikuwa nimeyaelewa.

Si jambo dogo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na yakatoka humo mwaka 2014 baada ya ukarabati. Bahari nayo bado ina kesi yake na ufukwe, inaumega.

Kwa hiyo waulize wenye kozi: siku ngapi ni za kuchimba, ngapi za kuosha na kupanga vigae vya vyungu, ngapi za kushika chokaa na mafundi? Kama jibu ni kuchimba tu, hiyo ni nusu ya elimu kwa ada nzima. Uliza pia leseni. Kwa Tanzania huchimbi bila kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na mwenye kozi halali hatakasirika ukitaka kukiona.

Beba mwiko wako mwenyewe, kofia pana na glavu, maana chokaa mbichi inaunguza mikono. Kandambili ni za jioni.