Mnaoanza DSE: broka wa mwenzako anaweza asikufae

Naandika hii kwa mnaotaka kuanza kununua hisa mwaka huu kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), ambako lazima upitie broka, yaani wakala mwenye leseni wa kukununulia na kukuuzia, maana kila wiki kuna mtu ananipigia simu na swali lilelile, "kaka, broka gani mzuri?", nikimuuliza hizo hela unataka kuzifanyia nini anakaa kimya. Sasa hapo nakusaidiaje? Broka anayemfaa mwalimu mstaafu mwenye kiinua mgongo hamfai kijana anayeweka elfu hamsini kila mwisho wa mwezi, na ukikosea siyo lazima uibiwe, ila utasumbuka mpaka uichukie biashara yenyewe.

Watu wengi wanaanza kwa kutafuta broka wa bei rahisi, wakati huku kwetu bei hazipishani sana. Komisheni kwenye milioni 10 za kwanza ni asilimia 1.7, oda ikiwa kubwa zaidi ya hapo inashuka, alafu kuna vijiada vya soko, vya mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji (CMSA), vya mfuko wa fidia na vya CDS (ule mfumo wa kielektroniki unaotunza hisa kwa majina ya wenyewe), ukijumlisha inapita kidogo asilimia 2. Ichukulie hivi: umenunua hisa 1,000 kwa shilingi 500, thamani ni laki 5, lakini kwenye ile karatasi ya manunuzi broka anayokutumia utakuta umelipa laki 5 na elfu 10 na ushee. Ukija kuuza unakatwa tena. Kwa hiyo hisa ya 500 mpaka ipande ifike 520 na kitu ndo unarudisha hela yako, hujapata hata mia. Kama wewe umezoea biashara ya kununua asubuhi kuuza jioni, nakuomba kwa moyo mweupe usije na mtindo huo huku, hakuna broka atakayekuokoa na hesabu hiyo, na zaidi ya hapo kuna kampuni sokoni zinapita siku kadhaa hakuna mnunuzi. CRDB na NMB utauza, zingine utasubiri.

Kinachowatofautisha mabroka ni spidi, uwazi na kupokea simu, na hilo nimelilipia. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nawinda gawio (faida wanayogawiwa wanahisa) la kampuni moja, nikatuma 1,200,000 Jumatatu, nikamwandikia broka wangu wa wakati huo kwenye WhatsApp kila kitu, hisa ngapi na bei ya juu kabisa nitakayolipa. Alama mbili za bluu, kimya. Jumanne kimya. Oda imeingia sokoni Ijumaa, na malipo sokoni yanakamilika siku 3 za kazi baada ya dili kupita, kwa hiyo daftari la wanahisa wa kulipwa gawio lilipofungwa Jumatatu jina langu halimo. Hisa nilipata, gawio likaenda kwa aliyeniuzia. Niliumia kweli, ile hela nilikuwa nimeshaipangia ada ya mtoto.

Tangu hapo nasema hivi kwa wanaofuata gawio: chukua broka anayekupa mahali pa kuweka oda mwenyewe, iwe app yake au Hisa Kiganjani ya DSE, uione oda yako imeingia saa ngapi na imekaa wapi. Usikubali oda ya mdomo. Na hesabu siku zako za kazi kutoka tarehe ya kufunga daftari kurudi nyuma, wikiendi na sikukuu hazihesabiki.

Kijana wa elfu hamsini kwa mwezi, wewe Hisa Kiganjani inakutosha kabisa, namba ya NIDA na simu yako unafungua akaunti ya CDS umekaa nyumbani. Muulize tu broka unayemchagua kama ana kiwango cha chini cha komisheni, maana kwa oda ndogo hicho ndo kinakula. Akiwa nacho kikubwa, kusanya miezi mitatu ununue mara moja.

Mstaafu ni habari nyingine. Mama yangu mdogo alistaafu ualimu Songea, vijana wakamwekea app, akawa anaiogopa kama kaa la moto, akibonyeza kitu anapiga simu Dar analia. Tukamtafutia broka mwenye dada mmoja mvumilivu, anampigia mama, anamweleza taratibu, na baada ya maongezi matatu wakakubaliana kwamba sehemu kubwa ya hela isiende kwenye hisa kabisa, iende hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali, riba inaingia benki kila miezi 6, kuanzia milioni 1 unaingia. Huyo dada angeweza kumsukumia hisa apate komisheni nono, hakufanya. Broka wa namna hiyo hata kama app yake ni mbovu mng'ang'anie. Kwa mzee, mtu wa kumpigia ana thamani kuliko grafu.

Mlioko nje, Oman, Uingereza, Marekani, tatizo lenu kubwa ni makaratasi na benki. Ulizeni mapema gawio na hela ya mauzo italipwa akaunti gani na wanahitaji hati gani kutoka huko mliko, na majibu yaje kwa barua pepe yaandikwe. Msimpe ndugu akanunua kwa jina lake. Nimeona familia imevunjika kwa hilo.

Sasa usalama, na hapa naomba msome taratibu. Hisa zako hazikai kwa broka, zipo CDS kwa jina lako, akifunga ofisi kesho bado ni zako na unaweza kuhamia kwa mwingine. Hela taslimu ndo ya kuogopa, ile uliyomtumia haijanunua kitu bado. Wakenya walijifunza 2008 Nyaga Stockbrokers ilipowekwa chini ya usimamizi, wateja wakahangaika, na mfuko wao wa fidia wakati ule mwisho ulilipa KSh 50,000 kwa mtu, uwe ulikuwa na milioni au la. Kwa hiyo usimwachie broka hela ikalala wiki na wiki "ikisubiri bei nzuri", ikae benki kwako. Jina lake litafute kwenye orodha ya waliopewa leseni na CMSA, tena lile jina kamili, matapeli wanabadilisha herufi moja. Na akikwambia utume kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi, acha hapo hapo.

Ukishampata, kabla hujampa hela ya maana, mpe laki moja. Nunua, kaa wiki mbili, uza zote, alafu hesabu siku mpaka hela iingie benki kwako bila kumkumbusha. Utapoteza kama elfu nne za ada, poa tu. Niliye naye sasa hivi hela iliingia siku ya nne asubuhi na karatasi ya mauzo ikawa imeshatangulia kwenye barua pepe, nikaacha kutafuta.